Ukurasa wa Mzee Gundi

Siku ya tisa tangu Mzee Gundi atoke nyumbani na kandambili miguuni, wanawe wawili walikaa kwenye benchi moja dukani kwa Mama Kopi, kila mmoja amempa mwenzake bega. Hawakuwa wamegombana, bado. Walikuwa wamechoka tu, ule uchovu wa watu waliozunguka hospitali zote na vituo vyote vya polisi, wakarudi mikono mitupu.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mashine mbili za kutoa kopi zilikoroma ukutani. Kompyuta zilikuwa tatu, herufi za vitufe vyake zimefutika kwa kubonyezwa, na mezani zilirundikana karatasi zilizosubiri wenyewe: barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, ratiba ya mazishi ya mtu fulani. Mama Kopi aliwachapia watu wa mtaa ule kila kitu chao tangu wanapozaliwa mpaka wanapozikwa, na miaka ya karibuni alijifunza pia kuwatengenezea kurasa za mtandaoni.

"Semeni basi," alisema, akivuta kiti chake cha magurudumu karibu nao. "Mnataka blogu au mnataka tovuti? Maana mmenuna kama maharusi waliolazimishwa."

"Tovuti," akasema Kaka.

"Blogu," akasema Kitinda.

Mama Kopi aliangua kicheko, halafu akakumbuka kilichowaleta, akakimeza.

Walikuwa wawili tu. Kaka, mkubwa, alikuwa mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi, mchache wa maneno. Mdogo waliyemwita Kitinda tangu utotoni, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyebaki nyumbani na baba yao pamoja na mwanawe wa miaka mitatu. Baba mwenyewe alijalidi vitabu miaka arobaini katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Akirudi jioni vidole vilikuwa vimegandana, na watoto wa mtaani wakampachika jina hilo la Gundi. Naye alilipenda. Alisema ni heri kuitwa Gundi kuliko kuitwa Kiraka.

Alipostaafu, akili ikaanza kuvuja. Kwanza yalipotea majina ya watu, kisha siku, kisha njia. Asubuhi ile Kitinda alikuwa anamwogesha mtoto. Maji ya ndoo moja tu, si zaidi. Alipotoka na mtoto ndani ya taulo, kiti cha baba kilikuwa kitupu, mlango uko wazi na chai kikombeni bado inatoa mvuke.

"Nisikilizeni," Mama Kopi akasema. "Tovuti ni kama kibao kilichopigiliwa ukutani. Unaandika mara moja: picha, maelezo, simu. Kila anayefika anakikuta palepale. Ila mtu akishasoma kibao, hana sababu ya kurudi kukisoma. Blogu ni daftari. Leo unaandika, kesho unaandika, watu wanaizoea, wanarudi, wanaambiana. Lakini lile jipya ndilo linalokaa juu. La jana linashuka. La mwezi jana, mtu mpaka alitafute."

"Umesikia?" Kaka akamgeukia dada yake. "Linashuka. Mimi nikipiga kigingi leo, mtu akirudi baada ya miaka kumi anakikuta. Hicho ndicho ninachotaka. Uso wa Baba, kovu lake, namba zetu. Basi."

"Baba si kiwanja, Kaka."

"Na wala si hadithi, mwalimu."

Kitinda alitazama sakafu. "Kibao kila mtu anapita bila kukiona," alisema kwa sauti ndogo. "Wangapi wamebandikwa kwenye nguzo huko nje? Wewe umewahi kusimama ukasoma hata mmoja? Watu wakimjua ni mtu wa namna gani, wakimpenda, ndipo watamtafuta. Namba nitaiweka chini ya kila ninachoandika. Kila siku. Nakuahidi."

 Kaka alimtazama, akaona mabega ya dada yake yanatikisika, na ugumu wake wote ukaisha.

"Haya," alisema shingo upande. "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Alikuwa na maana kwamba dada yake ndiye anayemjua Baba zaidi. Lakini maneno yale yalimchoma Kitinda kama mwiba. Yeye ndiye aliyekuwa naye, ndoo moja ya maji, na mlango haukufungwa. Alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Mama Kopi alikataa kulipwa. Jioni ileile blogu ikawa hewani.

Posti ya kwanza ilikuwa tangazo hasa. Picha, urefu, sikio la kushoto lisilosikia vizuri, kovu la mwezi mchanga kwenye kidole gumba cha kulia, palipokatwa na kisu cha karatasi. Chini yake namba mbili za simu. Simu zilipigwa kweli wiki zile za mwanzo. Kaka alisafiri mara tatu kwenda kuangalia wazee wa watu. Mmoja alikuwa kijana kuliko yeye mwenyewe. Mwingine alimwambia, "Mwanangu, mimi sijapotea, nimewakimbia tu wanangu." Wengine waliopiga walitaka watumiwe nauli kwanza, na nauli ilipotumwa simu ikazimwa.

Kitinda naye akawa anaandika. Saa za mchana, wazazi wakishachukua watoto wao, alibaki darasani peke yake kwenye kile kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti karibu yaguse kidevu, mwanawe amelala kwenye mkeka kando ya sanduku la vinyago. Aliandika kwa simu, kwa kidole kimoja. Aliandika jinsi Baba alivyokuwa akiingia nyumba za watu, na kabla ya kusalimia mwenye nyumba anachukua kitabu rafuni na kukipapasa mgongo. Aliandika jinsi alivyomshonea daftari lake la darasa la kwanza kwa uzi mwekundu, likadumu hadi darasa la tatu. Aliandika jinsi alivyowakemea: "Kitabu hakivutwi kwa juu, kinashikwa kiunoni kama bibi harusi!"

Watu walisoma. Mwanzoni kumi, kisha themanini, kisha mia nne. Walimwandikia maoni kutoka miji asiyoijua. Mmoja alisema amesoma akiwa kazini akalia mpaka bosi wake akamruhusu aende nyumbani. Kitinda, ambaye maisha yake yote alisomwa na watoto wasiojua kusoma, alihisi kitu kinachanua ndani yake, akaona haya kukipa jina.

"Wangapi wamepiga simu wiki hii?" Kaka aliuliza kila Jumamosi.

"Watu mia nne na kumi wamesoma."

"Sijauliza hilo."

"Mmoja alipiga. Alikosea namba."

Kaka alitikisa kichwa, akamnyanyua mpwa wake juu na kumrusha hewani, akaondoka bila kunywa chai.

Namba ya simu aliiweka chini ya kila posti, kama alivyoahidi, kwa muda wa wiki saba hivi. Kisha ikatokea siku moja alimaliza kuandika habari ya Baba akimfundisha kufunga kamba za viatu, sentensi ya mwisho ikatulia vizuri, vizuri mno, na chini yake zile tarakimu zilikaa kama mtu anayekohoa katikati ya sala. Akaziondoa. Alijiambia ni kwa posti hiyo tu. Zilizofuata zikajiendea hivyohivyo bila namba, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa tano Baba alitimiza miaka sabini na mbili. Kitinda alimnunulia mtoto keki ndogo ya dukani, wakaila wawili, na mtoto akauliza kipande cha Babu kiko wapi. Ndipo akaandika ile posti aliyoiita "Mikono ya Baba". Aliandika yote: harufu ya gundi, kovu, vidole vilivyojua uzito wa karatasi gizani. Hakuandika kwamba anatafutwa. Hakuona sababu ya kukumbusha, kwani wasomaji wake si wanajua? Aliandika kama mtu anayeaga. Ukweli wenyewe ni kwamba alitaka kuaga. Msiba una siku zake, watu wanakuja, wanakaa, wanapika, wanaondoka, nawe unaosha vyombo. Kusubiri hakuna anayekuja kukusaidia.

Posti ile ilisomwa kuliko zote. Maoni yalimiminika. "Apumzike kwa amani." "Pole sana mpendwa, wazazi hawa walikuwa hazina." "Mungu amlaze pema." Kitinda alianza kumjibu wa kwanza, Hapana, hajafa, bado tunamtafuta, na kidole kikasimama hewani. Yalikuwa mengi. Yalikuwa na upole kama mikono inayokupangusa uso. Akaifuta ile sentensi, akaandika chini kabisa: "Asanteni nyote." Halafu akaegemeza kichwa ukutani, chini ya michoro ya watoto, akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu siku ya ndoo.

Baada ya hapo aliandika mara moja tu. Posti moja mwezi wa sita, kuhusu mvua na vitabu vilivyolowa, ambayo aliifuta. "Mikono ya Baba" ikabaki pale juu.

Ujumbe ulikuja mwezi wa nane, Jumatano, saa ya watoto kunywa uji.

"Samahani dada. Mimi ni karani wa masjala katika kituo kimoja cha afya. Nilisoma makala yako ya marehemu baba, pole sana. Naomba kuuliza, marehemu alikuwa na ndugu anayefanana naye? Tuna mzee wodini, fundi wa vitabu pia, hali yake si nzuri na hana mtu."

Kitinda alisoma mara moja. Akasoma tena. Mtoto mmoja alimwaga uji kwenye sare, akaanza kulia, naye akamtazama kama anayemwona mbali ng'ambo ya mto. Kisha akatoka hadi uwanjani, akapiga simu.

"Kaka."

"Nini? Mtoto anaumwa?"

"Baba yuko hai."

 Ng'ambo ya simu alisikia mtu akigongelea kigingi ardhini, ko, ko, ko, kisha mlio ukakoma.

Walisafiri kuanzia alfajiri hadi mchana. Mtoto walimwachia Mama Kopi. Njia nzima Kaka alishika bahasha yenye vitambulisho vya Baba mapajani, kwa mikono miwili, kama abiria anayebeba mayai.

Kituo cha afya kilikuwa majengo matatu ya chini, yamepakwa rangi ya maziwa iliyobanduka. Karani wa masjala aliwapokea getini. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Alipowaona wawili wale, na paji la uso la Kaka ambalo ni la baba yake tupu, alijishika kifua.

"Si ndugu yake," alisema taratibu. "Ndiye mwenyewe."

Wakamfuata hadi wodini.

Mzee Gundi alilala kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na shuka. Alipumua kama anayekokota kitu kizito juu ya changarawe. Macho yalikuwa wazi. Kitinda alipiga magoti, akashika mkono, akakitafuta kidole gumba, na kovu lilikuwa pale.

"Baba. Ni mimi, Kitinda wako."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

Daktari alikuwa kijana mchovu mwenye maneno mafupi. Mapafu yamejaa. Kikohozi kilianza zamani, mzee akawa anakificha ili asizuiwe kufanya kazi. Kumsafirisha sasa ni kumuua njiani. "Angekuwa na familia yake miezi mitatu iliyopita," alisema, akaona nyuso zao, akanyamaza. "Kaeni naye," alimaliza.

Karani aliwapeleka masjala. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja na rafu hadi darini, na kwenye rafu faili za wagonjwa, mamia kwa mamia, migongo yao imeshonwa, ikagandishwa, ikabandikwa kitambaa cha bluu kilichokatwa kutoka mashuka ya zamani ya wodini. Zilisimama zimenyooka kama askari. Kaka aligusa mgongo wa moja, akaitoa.

"Alikuja mwezi wa tatu," karani alisimulia. "Alikaa benchi la wagonjwa. Mama mmoja alikuwa na faili inayopukutika, yeye akamnyang'anya. Tukadhani mwizi! Kumbe anaomba gundi. Tulimuuliza jina, akasema, mimi fundi. Wa wapi? Wa vitabu. Basi. Mlinzi akampa nafasi ya kulala chumbani kwake, jikoni wakampa chakula. Sisi tukamwita Babu Faili. Akitukuta tunavuta faili kwa juu, ole wetu!"

Kitinda alitoa sauti iliyotaka kuwa kicheko.

"Mwezi wa tano nikasema huyu ana watu wake. Nikaingia mtandaoni, nikaandika, mzee fundi wa kujalidi vitabu. Ikatokea yako, dada. Ya mikono. Nikasoma, moyo unanienda mbio, nikasema ndiye! Mpaka kovu ndilo. Halafu nikashuka chini, nikakuta watu zaidi ya mia wanasema apumzike kwa amani, na wewe unawashukuru." Karani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa chafu. "Nikajiambia, basi, wao wameshamzika wa kwao. Huyu wetu ni mwingine. Kovu, nikasema labda mafundi wa kazi hii wote wanalo, si wanatumia visu? Nikafunga. Juzi tu, alipozidiwa, ndipo nikawaza labda ni ndugu wa marehemu."

"Hukuona namba ya simu?" Kaka aliuliza.

"Namba ilikuwa wapi?"

Kitinda alijua ilipokuwa. Ilikuwa chini, kwenye posti za mwanzo, ya kwanza kabisa posti thelathini na moja chini, pamoja na uso wa Baba na urefu wake na sikio lake la kushoto. Alisubiri kaka yake aseme. Kama angemtukana, yeye angemshukuru. Kaka aliirudisha ile faili mahali pake, akainyoosha ilingane na wenzake, akatoka nje.

Kitinda alimkuta kwenye benchi la wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wameshaondoka na mfagiaji anamwaga maji ya dawa barazani.

"Uliahidi," Kaka alisema bila kumtazama. "Kwa nini uliiondoa?"

Kitinda alikuwa na uongo kadhaa tayari mdomoni, na wote ulikuwa mzuri. Akauacha.

"Ilikuwa inaharibu mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa nilichoandika. Sentensi ya mwisho ilikuwa inakaa vizuri, halafu chini zinakuja namba. Nikaona haipendezi."

Kaka alirudia neno hilo polepole, haipendezi, kama anayepima kitu mkononi. Mfagiaji aliwaomba wainue miguu, wakainua wote wawili kwa pamoja kama watoto, akapitisha fagio, wakashusha.

"Nikuambie kitu," Kaka akasema baadaye. "Mimi ile ya mikono niliisoma. Nilikuwa shambani kwa mtu, nikaacha kupima, nikakaa kwenye kichuguu nikalia. Niliona namba haipo. Niliiona, Kitinda. Nikasema mwache, anaandika vizuri. Mimi pia nilikuwa nimechoka kupigiwa simu na waongo. Simu ilikuwa imetulia na mimi nilikuwa nalala."

 Waliingia wodini wakakaa, mmoja kila upande wa kitanda.

Walikuwa naye siku sita. Siku ya tatu homa ilishuka kidogo, na Mzee Gundi akamwona Kitinda ameshika kitabu cha dawa ambacho muuguzi alikisahau.

"Wewe binti," alisema, kwa sauti kavu ya msimamizi wa karakana. "Hicho gundi haijakauka. Usikifungue."

"Sikifungui, fundi."

"Kesho."

"Sawa, fundi. Kesho."

Aliridhika, akafumba macho. Kitinda alikaa na kile kitabu kimefungwa mapajani mpaka muuguzi alipokuja kukidai, na hata hapo alikitoa kwa kukishika kiunoni.

Alifariki siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, Kaka ametoka kwenda kununua sabuni. Hapakuwa na neno la mwisho. Ule mkokoto juu ya changarawe ulikwenda, ukasimama, ukaenda tena kidogo, ukaacha. Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa, arobaini na nane, arobaini na tisa, na hakuna aliyeitika arobaini na tisa.

Walimzika nyumbani, kando ya mama yao. Karani alisafiri akaja. Mlinzi naye alituma salamu, na kandambili za marehemu zimefungwa kwenye gazeti.

Wiki iliyofuata Kitinda alirudi darasani. Watoto walipoondoka alikaa kwenye kile kiti kidogo, akafungua blogu. Alifikiri ni haki ya wasomaji wake kujua. Aliandika mistari minne, mikavu: kwamba baba yake hakuwa amekufa alipoandika habari ya mikono, kwamba alikuwa hai, anafanya kazi, safari ya nusu siku kutoka hapo, kwamba kuna mtu aliyemtambua akaamini amekufa kwa sababu yake yeye mwandishi, na kwamba sasa amefariki kweli, Jumanne.

Oni la kwanza lilikuja baada ya dakika kumi. "Sijaelewa. Si alishafariki?"

La pili: "Mwandishi wetu umerudi! Tulikumiss. Hadithi kali sana, ina sehemu ya pili?"

La tatu lilikuwa mshumaa tu, bila neno.

Kitinda aliyasoma yote matatu. Rambirambi alishazipokea zote mwezi wa tano, akashukuru, akazilalia. Hapakuwa na nyingine zilizobaki. Alifunga simu, akafungua tena, na pale akakuta ujumbe wa faragha kutoka kwa mwanamke asiyemjua.

"Dada habari. Mama yangu ametoka Jumapili hajarudi, kichwa chake hakiko sawa. Watu wananiambia nimweke mtandaoni, kuna jamaa anaweza kunitengenezea tovuti, lakini mimi nataka blogu kama yako. Inagusa. Nataka watu wamjue mama yangu kama ulivyotufanya tumjue Mzee Gundi. Unanishauri nini?"

Kwenye mkeka mtoto aligeuka, akatafuna kitu usingizini. Kitinda aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Pole mdogo wangu. Fungua tovuti. Ukurasa mmoja tu. Picha, urefu, alama ya mwilini kama anayo, nguo alizovaa, simu mbili. Usiweke sehemu ya maoni. Usiandike kitu kingine."

"Hata kidogo? Mama yangu ana vituko, watu wangecheka."

"Viandike kwenye daftari. Ukimpata utamsomea."

"Lakini dada, ukurasa mmoja tu, watu watarudi kweli kuutazama?"

Kitinda aliutazama mstari huo kwa muda. Alijiona mwenyewe dukani, amejaa hakika, akimwambia kaka yake maneno kama hayo. Machozi yalimjia, akayaacha yashuke, kidole kikiendelea kubonyeza.

"Hatutaki warudi. Tunataka mmoja tu afike, mara moja, akute uso wake na namba, apige. Na wewe upokee. Hata wakipiga waongo, pokea. Hata ukichoka. Ukichoka sana weka namba yangu iwe ile ya pili, nitapokea mimi."

Mwanamke yule hakujibu papo hapo. Kitinda alidhani amemvunja moyo. Akaanza kukusanya vikombe vya uji, akavirundika, akarudi kutazama. Picha ilikuwa imeingia: mama mnene aliyevaa hereni kubwa, kilemba kimenyooka, nyuma yake pazia la studio, uso umepakwa poda mpaka umekuwa wa mtu mwingine.

"Hii ya lini?" Kitinda aliuliza.

"Arusi ya kaka yangu, miaka sita sasa. Ndiyo aliyopendeza."

"Huna ya karibuni?"

"Ninayo moja ya mwezi jana, lakini aibu. Nywele timutimu, kanga ya kulalia, amenikunjia uso ananifukuza nisimpige picha."

"Tuma hiyo," Kitinda aliandika.